Bendi ya matarumbeta shuleni: namna ya kuijenga isife kila Novemba

Isikilize bendi ya shule mwezi Septemba, siku ya mahafali ya kidato cha nne, utadhani imekomaa. Rudi Januari uisikilize tena. Mara nyingi utakuta watoto wanne wenye ngoma na mmoja anayejua nusu ya Wimbo wa Taifa, maana waliokuwa wakipiga ndio waliohitimu. Maelezo haya ni ya mwalimu aliyekabidhiwa bendi ya matarumbeta katika sekondari ya Tanzania, hasa ya bweni, awe ana vyombo tayari au anaanza na stoo tupu. Aliye Kenya au Uganda yatamfaa pia, abadilishe tu kalenda.

Anza na kalenda, si vyombo

Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, na mahafali yao huangukia Septemba au Oktoba. Kidato cha pili nao wana upimaji wa taifa Novemba hiyohiyo, kwa hiyo kuanzia Oktoba usiwategemee mazoezini. Ukiwaondoa hao wote, miezi ya mwisho ya mwaka bendi inabebwa na kidato cha tatu na cha kwanza. Hapo ndipo pa kuwekeza, na ndipo walimu wengi wanapopasahau, kwa sababu anayepiga vizuri leo ni wa kidato cha nne na mkuu wa shule ana wageni Jumamosi.

Jiwekee sheria na uitangaze mapema. Katika kila wapigaji watatu, wa kidato cha nne asizidi mmoja. Kila sauti, kuanzia tarumbeta ya kwanza hadi tuba ya sauti ya chini kabisa, iwe na mtu wa kidato cha kwanza au cha pili anayejifunza hapohapo. Baada ya likizo ya Juni, sauti ya kwanza ya kila chombo anakabidhiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wa kidato cha nne anakaa pembeni yake na kupiga ya pili. Watanuna wiki mbili, kisha watazoea. Siku ya mahafali wahitimu wakae na wahitimu wenzao, bendi ipigwe na wanaobaki. Kama haiwezi kupiga bila wao, heri ulijue Septemba kuliko Januari.

Wa kidato cha tano wanaingia Julai na kuondoka baada ya mtihani wa Mei mwaka wa pili yake. Hao wachukue ikiwa tu wamekuja wanajua kupiga tayari. Kumfundisha mtu kushika tromboni Agosti ili aage bendi Februari ni kupoteza pumzi, yake na yako.

Idadi ya vyombo

Bendi ya watu 22 inatosha kwa shule kubwa, na inasikika uwanjani bila spika. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: tarumbeta 6, alto 3 (chombo cha shaba cha sauti ya kati, si saksafoni), tromboni 3, bariton au yufoniamu 3 (kama tuba ndogo), tuba 2, ngoma ndogo 3, ngoma kubwa 1 na matoazi jozi 1. Ukiwa na fedha za vyombo 12 tu, nunua tarumbeta 4, alto 2, tromboni 2, yufoniamu 1, tuba 1, ngoma ndogo 1 na ngoma kubwa 1. Toazi moja lifungwe juu ya ngoma kubwa, jingine lishikwe na mpigaji huyohuyo.

Kosa la kawaida ni kununua tarumbeta kumi kwa sababu ndizo za bei nafuu, halafu kusema tuba itakuja mwakani. Tuba haiji. Bendi isiyo na sauti ya chini inasikika kama kelele za juu zinazogombana, na watoto wanaanza kupuliza kwa nguvu zaidi kujaribu kujaza pengo lisilojazwa na tarumbeta. Anayechangisha fedha aambiwe hivyo: tuba kwanza, tarumbeta ya saba baadaye.

Klarineti na saksafoni ziache mpaka mwaka wa tatu. Mianzi yake, vile vibanzi vinavyotetemeka mdomoni, inaisha na lazima inunuliwe kila muhula, na pedi zake huvimba kwa unyevu, hasa ukiwa Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar. Chombo cha shaba kinasamehe uzembe mwingi ambao klarineti haisamehe.

Kukagua chombo kilichotumika, cha msaada au cha dukani

Usikubali chombo kwa kukitazama mng'aro. Vali ni vibonyezo vya vidole, na slaidi ni kipande cha bomba kinachovutwa nje. Vuta slaidi ndogo ya vali ya kwanza itoke kidogo bila kubonyeza vali, subiri sekunde tatu nne, kisha bonyeza. Ukisikia mlio mfupi kama kizibo kikifunguka, vali inabana hewa vizuri. Ukisikia kimya, vali imelika na inavujisha. Chombo hicho kitamchosha mtoto na hakitapanda juu. Rudia kwa vali ya pili na ya tatu. Halafu chunguza bomba linaloanzia kwenye mausipisi, kile kikombe cha kupulizia: madoa mekundu ya rangi ya waridi yenye kitone cheusi katikati yanamaanisha shaba imeoza kutoka ndani, na siku moja patatoboka. Mikunjo kwenye mdomo mpana wa mbele ni sura tu, haidhuru sauti sana. Mkunjo kwenye bomba jembamba ndio wa kuogopa.

Vyombo vya zamani kutoka Uingereza vina mtego wake. Hadi miaka ya 1960 bendi nyingi za shaba za huko zilipiga kwa sauti iliyopandishwa, nota ya A ya mitetemo karibu 452 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Tofauti hiyo ni karibu robo ya toni. Ukichanganya alto ya zamani ya aina hiyo na tarumbeta mpya, hakuna mazoezi yatakayozipatanisha, na mwalimu atawalaumu watoto bure. Pakua programu ya kupimia sauti kwenye simu, piga nota iliyo wazi, isiyobonyezwa vali, huku slaidi kuu ikiwa imevutwa karibu yote. Ikiwa bado iko juu, chombo hicho kinahitaji fundi wa kuongeza bomba. La sivyo kibaki cha mazoezi ya peke yake.

Uliza pia kila chombo kimekuja na mausipisi yake. Kwa tarumbeta ya anayeanza, namba 7C inatosha. Kwa tromboni ndogo na bariton, 6½AL. Angalia shina la mausipisi ya tromboni, kwa maana kuna shina nene na jembamba na haviingiliani. Mtoto akilazimisha, litakwama, na hapo ndipo koleo hutolewa na bomba hupindwa. Mausipisi iliyokwama igongwe taratibu kuzunguka shingo kwa kipande cha mti, au ipelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kuvutia. Koleo lisiingie stoo kabisa.

Mausipisi, ukiweza, iwe ya mtu mmoja. Ikibidi kushirikiana, ioshwe kwa maji na sabuni kila inapobadilisha mdomo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende zahanati kabla ya kurudi mazoezini.

Kuchagua wapigaji

Januari, wiki ya pili baada ya kidato cha kwanza kuripoti, tangaza nafasi na utarajie watoto 60. Wapime kwa mambo matatu, dakika tatu kila mmoja. Mpigie makofi mdundo wa mapigo manne aurudie. Umbadilishie mara tatu, mara ya mwisho uwe na pigo lililochelewa. Muimbie do re mi so arudie kwa sauti yake. Kisha mpe mausipisi peke yake atetemeshe midomo. Anayeshindwa kutetemesha siku ya kwanza usimfukuze, wengi wanapata siku ya tatu. Asiyerudia mdundo ndiye wa kufikiria mara mbili.

Unene wa midomo hauamui mengi, achana na maneno hayo. Urefu wa mkono ndio unaoamua kwa tromboni: nota zake hupatikana kwa kusukuma slaidi hadi nafasi saba, na nafasi ya sita ni mbali, na mtoto mdogo wa kidato cha kwanza haifikii. Mpe bariton mwaka mmoja, sauti ni ileile, kisha ahamie tromboni akishakua. Na wasichana wapewe tuba na tromboni kama wengine. Tabia ya kuwapeleka wote kwenye matoazi inaipunguzia bendi wapigaji wazuri.

Chukua 30 kwa nafasi 22. Kufikia Pasaka wanane watakuwa wameondoka wenyewe.

Somo la kwanza, bila chombo

Wiki ya kwanza chombo kibaki stoo. Kila mtoto asimame, mkono mmoja juu ya kitovu, avute hewa kwa mapigo 4 na kuitoa kwa mapigo 8, halafu 12, halafu 16. Mabega yakipanda, hewa imeishia kifuani. Mwambie avute kama anayenusa pilau inayopakuliwa, tumbo litajaza mkono. Kisha midomo: ifungwe kama anayetamka “mmm”, pembe zikazwe, katikati ilegee, apulize mpaka isikike kama nyuki. Mashavu yasivimbe. Yanavimba kwa sababu pembe za mdomo zimelegea, kwa hiyo rekebisha pembe, usiseme tu “usivimbishe mashavu”.

Siku ya tatu wape mausipisi, waishike kwa vidole viwili tu, cha shahada na gumba, mwishoni mwa shina. Vidole viwili haviwezi kuikandamiza mdomoni, na kukandamiza ndiyo maradhi makubwa ya wapuliza tarumbeta. Mtoto anayepata nota ya juu kwa kubana chombo kwenye meno atapiga dakika kumi na midomo itakufa ganzi. Baada ya miezi sita utaona duara jekundu mdomoni na sauti isiyopanda tena. Ukiona duara hilo, mrudishe kwenye vidole viwili wiki nzima.

Nota tano za mwanzo

Faida kubwa ya bendi ya shaba ni kwamba vyombo vyenye vali tatu vinashika vidole vilevile. Tarumbeta, bariton na yufoniamu zikisomewa ufunguo wa juu (alama ya G mwanzoni mwa mistari), pamoja na tuba ya B flati (B iliyoshushwa nusutoni), nota zake tano za kwanza ni hizi: C bila vali, D vali 1 na 3, E vali 1 na 2, F vali 1, G bila vali. Watoto waliolelewa kwaya wanajua do re mi fa so kabla hawajajua mistari mitano, basi waambie wazi: do ni mikono mitupu, re ni moja na tatu, na kuendelea. Daftari la mistari litakuja wiki ya nne, wakiwa tayari wanaimba wanachokipiga.

Tromboni kwa sauti hizohizo hutumia nafasi ya 1, 6, 4, 3 na 1. Alto iko katika E flati, kwa hiyo ili isikike pamoja na tarumbeta inapiga G, A, B, C, D: bila vali, 1 na 2, vali 2, bila vali, vali 1. Tuba ya E flati vivyo hivyo. Ndiyo maana ukisema “wote pigeni C” chumba kinalia vibaya. Sema “wote B flati ya piano”, na kila mmoja ajue kwake inaitwaje: tarumbeta C, alto G, tromboni B flati. Iandike ubaoni mpaka muhula uishe.

D ya vali 1 na 3 inapanda kwa asili yake. Tarumbeta nyingi zina pete kwenye slaidi ya tatu. Kidole cha pete kiisukume nje sentimita moja hivi kila D inapopigwa. Walimu wasiolijua hili humwambia mtoto alegeze midomo, na mtoto anaharibu nota zote kwa ajili ya moja.

Mtoto anayetoka kwaya ya matarumbeta ya Kilutheri anaweza kukuchanganya. Baadhi ya kwaya hizo zinatumia vitabu vya Kijerumani, ambamo mpiga tarumbeta ya B flati husoma sauti kama ilivyo kwenye piano. Akiona C anabonyeza 1 na 3, na kwake ni sahihi kabisa. Katika vitabu vya Kiingereza C haibonyezwi. Hana kosa, wala usimwaibishe. Amua tu shule yako inafuata mtindo upi, na mpe wiki tatu za kuhama. Kuchanganya mitindo miwili katika bendi moja kunavunja kila kitu mnapoanza kugawa nota mpya.

Mazoezi ya dakika 75

Siku tatu kwa wiki, saa kumi jioni hadi saa kumi na moja na robo, zinashinda siku moja ya saa nne. Midomo ya anayeanza inachoka baada ya dakika 20 za kupuliza mfululizo, na kinachofanyika baada ya hapo ni kujifunza makosa. Anza na dakika 5 za pumzi, kisha 10 za nota ndefu, kila moja mapigo 8, kwa sauti ya wastani. Dakika 20 zinazofuata makundi yatawanyike: tarumbeta chini ya mwembe, tuba na yufoniamu darasani, ngoma mbali kabisa. Kila kundi lina kiongozi wa kidato cha tatu. Halafu dakika 30 pamoja kwa nyimbo, na 10 za mwisho ni kukausha, kutia mafuta na kurudisha stoo. Hizo kumi za mwisho usizile hata siku moja.

Panga ukijua watu wako. Wanaofunga Ramadhani wana midomo mikavu saa kumi. Wape mazoezi ya mdundo, kusoma nota na gwaride, kupuliza kuwe mara moja au mbili kwa juma baada ya futari ikiwa bweni linaruhusu. Wasabato hawatakuja Jumamosi, basi usipange mtihani wa bendi siku hiyo. Na adhana ikianza msikiti wa jirani, bendi inyamaze. Ni dakika chache na majirani watakukumbuka nazo.

Kufikia wiki ya 12 bendi ichukuliwe imefika ikiwa inapiga Wimbo wa Taifa, ubeti mmoja na kiitikio, bila kukatika, pamoja na wimbo mmoja wa kutembelea. Wimbo wa Taifa uanze kabla ya mwingine wowote, kwa kuwa ndio utakaoombwa kila mahali na ndio ambao makosa yake kila mtu anayajua. Kabla ya kuuandika, waimbishe wanafunzi wa kawaida, si kwaya, uone wanaanzia wapi bila kukazana. Bendi nyingi zinaupiga juu mno, tarumbeta ziking'ara na uwanja mzima ukiimba kwa shingo.

Kuandika nyimbo kutoka kwenye kwaya

Nyimbo za bendi za kununua ni chache, ila shule ina kabati limejaa nota za kwaya, na wimbo wa sauti nne ni nusu ya kazi iliyokwisha fanywa. Sauti ya kwanza iende kwa tarumbeta ya kwanza. Ya pili kwa tarumbeta ya pili na alto. Ya tatu kwa tromboni na bariton. Ya nne kwa yufoniamu kama ilivyo, na kwa tuba oktava moja chini.

Kinachokwamisha ni ufunguo, yaani nota mnayoifanya do. Chukua wimbo ulioandikwa G, ufunguo ambao wanakwaya wanaupenda. Tarumbeta husomewa toni moja juu, kwa hiyo wapigaji watapata A yenye shapu tatu, yaani nota tatu zilizopandishwa nusutoni. Alto itapata E yenye shapu nne. Mtoto wa miezi sita atapotea mstari wa pili. Ushushe wimbo uleule hadi F: tarumbeta ziko G yenye shapu moja, alto D yenye mbili, tromboni flati moja. Sauti imeshuka toni moja tu na waimbaji hawatalalamika. Kwa ujumla, funguo za piano zinazoipenda bendi ni B flati, E flati, A flati na F. Ukiandika kwa B flati, tarumbeta zinasoma C na alto G. Kwa E flati, tarumbeta F na alto C. Wimbo wa D au A upandishe au ushushe nusutoni, usiulazimishe.

Baada ya kuhamisha, tafuta mahali ambapo waimbaji wanashikilia neno refu na bendi haina maneno ya kusema. Hapo wape yufoniamu kajibu kafupi ka nota nne tano. Kwaya ikiimba ukimya huo haudhuru. Bendi ikipiga unasikika kama mtu amesahau. Na usiwapulizishe watu wote wimbo mzima. Ubeti wa pili upigwe na alto, tromboni na tuba peke yao, tarumbeta zipumzike, kisha zirudi kwenye kiitikio. Midomo inapona na wasikilizaji wanazinduka.

Ngoma

Wapiga ngoma ndio wanaoharibu bendi kwa upendo. Wanaongeza mwendo kidogo kidogo, na wanapiga kwa nguvu kuliko wapulizaji wanavyoweza kufikia. Kama hauisikii alto, ngoma ndogo ziko juu mno.

Mwendo wa kutembea ni hatua 116 hadi 120 kwa dakika. Weka metronomu ya simu kwenye 116 na wapige dakika tano bila mapambo, kisha uizime dakika moja na uiwashe tena: wakiwa wamefika 124, umejua kazi yako ya wiki hii. Mazoezi ya fimbo yafanyike juu ya vibao, si ngoma. Kata ubao wa plaiwudi sentimita 25 kwa 25, gundisha juu yake kipande cha tyubu ya ndani ya gari, kila mpigaji ana chake kwa gharama ya soda. Masikio ya darasa la jirani nayo yatapona.

Ngozi ya ngoma ikazwe kwa mtindo wa nyota: kaza skrubu moja nusu mzunguko, nenda ya mkabala wake, kisha inayofuata. Ukizunguka kwa mpangilio, fremu inapinda na ngozi inachanika upande mmoja. Nyaya za chini za ngoma ndogo zilegezwe kila baada ya mazoezi.

Kutembea huku mnapiga

Usianze kabla bendi haijapiga wimbo mzima imesimama, bila karatasi. Kwanza wakanyage papo hapo wakiimba sehemu zao kwa “ta ta”, halafu wakanyage wakipiga, mwisho ndipo wasogee. Hatua ya askari mzima ni sentimita 75. Kwa watoto iwe 60, la sivyo wadogo wanarukaruka na mausipisi zinagonga meno. Visigino vishuke taratibu, magoti yawe na chemchemi kidogo. Mbele panga tromboni ili mikono yao isiwagonge wenzao mgongoni, tarumbeta nyuma yao, ngoma katikati ili zisikike pande zote, tuba mwisho.

Vyombo viwekwe sawa sauti palepale mtakapopigia, baada ya kupiga dakika kumi. Jua la saa sita hupandisha sauti ya shaba, na mliyoyapanga darasani asubuhi hayafanyi kazi uwanjani.

Kutunza

Matone matatu ya mafuta ya vali kila siku ya kupiga. Mafuta ya kula hayafai hata kwa dharura. Yanaganda na kunata, na ya nazi hugeuka mgando asubuhi ya baridi ya Arusha au Njombe. Mafuta mepesi ya cherehani yatakuvusha wiki moja, ingawa vali zitakuwa nzito. Slaidi za kurekebishia sauti zipakwe mafuta mgando ya kawaida kidogo sana.

Mtoto akija na kusema tarumbeta “imeziba” dakika chache baada ya kutia mafuta, haijaziba. Amezichomoa vali zote pamoja na kuzirudisha mahali si pake, au hajaizungusha mpaka ikabofya kwenye mfereji wake. Tazama ubavuni mwa kila vali, kuna namba 1, 2 au 3 imechongwa. Namba 1 ndiyo iliyo karibu na mdomo wa mpigaji. Zirudishe, zungusha taratibu mpaka ushike ile “klik”, puliza. Wafundishe kutoa vali moja kwa wakati na tatizo litaisha shule nzima.

Mara moja kwa muhula chombo kioge: maji vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, brashi ndefu ya bomba. Maji ya moto hubabua rangi ya nje. Vali zioshwe kando na vitambaa vyake laini visilowe.

Stoo, ruhusa na fedha

Kila chombo kichongwe namba, na daftari la stoo liwe na safu za namba, aina, aliyekichukua, tarehe, hali kilivyotoka na hali kilivyorudi. Funguo ziwe mbili: moja kwako, moja ofisini kwa mkuu wa shule. Mwanafunzi mtunza stoo apewe daftari, asipewe ufunguo.

Bendi ikishasikika, maombi ya harusi na uzinduzi yataanza, na hapo ndipo bendi nyingi zinagombana na shule. Muombaji aandike barua kwa mkuu wa shule, si ujumbe kwa mwalimu. Malipo yaingie akaunti ya shule kwa risiti, na mapema mkubaliane kwa maandishi sehemu ipi ni ya matengenezo na ipi ni nauli na chakula cha watoto. Usizidishe safari mbili kwa mwezi, na usikubali hata moja kuanzia Oktoba. Chombo hakiendi harusini bila mpigaji wake wa shule. Kikiazimwa peke yake kitarudi na vali iliyolika au hakitarudi.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga Desemba, vyote vioshwe, vali zitiwe mafuta mengi kuliko kawaida, slaidi zipakwe upya ili zisikwame kwa wiki hizo za kimya, ngozi za ngoma zilegezwe kidogo. Mausipisi zihesabiwe peke yake kwenye boksi lenye kufuli, maana ndizo zinazopotea. Fungua stoo siku tano kabla ya shule kufunguliwa Januari, bonyeza kila vali, vuta kila slaidi, na uandike zilizokwama. Fundi apelekewe kabla kidato cha kwanza hakijaripoti.